Mashimo ya Daftari Langu na Redio ya Baba

Mtaona herufi zangu zimelala upande, na maneno mengine nimeyaandika kama ninavyoyasikia, maana kamusi sina, wala sina wa kuniazima. Kwa hayo niwieni radhi. Nilikomea darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akifuta ubao mimi bado niko mstari wa tatu. Mkono wangu ni wa polepole. Lakini radhi yangu inaishia hapo. Kwa ninayoyasema kuhusu redio ya baba simwombi mtu radhi, kwa sababu nilikuwepo, nilihesabu, na madaftari bado ninayo.

Redio yenyewe ni ya boksi la mbao, na mbele ina kitambaa cha kahawia kilichotoboka pembeni. Baba aliinunua miaka ya sabini, wakati alipokuwa akifanya biashara ya ngozi hapa Isiolo. Kwenye kioo chake pameandikwa majina ya miji ya mbali kwa rangi ya dhahabu, na sindano nyekundu hupita juu ya miji hiyo kama mtu mwenye haraka asiyesalimia. Inakula mawe sita makubwa ya betri. Yakichoka tunayaanika juani juu ya bati, na yanapata nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Inapowashwa haisemi mara moja. Inakohoa kwanza.

Tulikuwa tunakaa Bulla Pesa, kwenye ploti yenye vyumba sita kwa mstari. Viwili vya mwisho vilikuwa vyetu. Paa lilikuwa la mabati, kuta zilikuwa za udongo, isipokuwa ukuta mmoja ulioanguka kwa mvua, ambao baba aliuziba kwa madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Kwa hiyo tulikuwa kama tumekaa ndani ya mkebe. Redio ikiwashwa humo ndani bila waya, inaongea kama mtu aliyefunikwa mdomo kwa shuka. Baba alitoa waya dirishani, akaupitisha juu ya bati, akaufunga kwenye nguzo ya mti wa mgunga karibu na mlango wa jirani. Hapo redio ilisema vizuri.

Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mwaka uliofuata nilimaliza darasa la saba, na sikuitwa shule yoyote ya sekondari. Mama alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni. Ndugu yangu mkubwa alikuwa utingo wa lori la kwenda Marsabit na Moyale. Mimi nilibaki nyumbani, nateka maji, nafua, napika, na ninanyamaza. Nilikuwa mtu wa kunyamaza sana. Mgeni akiingia mlango wa mbele, mimi nilitokea wa nyuma.

Siku moja nikitafuta stesheni niliipata sauti ya mwalimu wa kike. Alikuwa akifundisha masomo ya watu waliokatiza shule, siku tatu kila wiki, saa kumi alasiri. Historia, afya, hesabu, na Kiswahili. Alisoma kila sentensi mara mbili. Mara ya kwanza nasikiliza, mara ya pili naandika, na kwa sababu alikuwa na subira kuliko mwalimu wa ubao, niliweza kumfuata. Waliojiandikisha walitumiwa vitabu kwa posta. Mimi sikujiandikisha. Sikujua nimuulize nani, na hata ningejua nisingeuliza. Basi kitabu changu kikawa ni daftari langu, na shule yangu ikawa ni lile boksi la mbao. Naliandika hili wazi ili msomaji ajue: redio ikitoka nyumbani, shule imefungwa, na hakukuwa na nyingine.

Sauti ilipokatika niliacha nafasi kwenye mstari, kama nafasi ya maneno matatu, au manne, kadiri nilivyokisia. Nafasi hizo niliziita mashimo. Siku nzuri ukurasa una shimo moja au hauna kabisa. Siku ya upepo mkali yanakuwa mengi kidogo.

Ndugu yangu alilikuta daftari mezani akalifungua.

"Hii ni daftari ama ni chujio?" aliuliza. "Naona chai yote imepita."

"Redio ndiyo ilikata," nilisema.

"Redio haikati. Mkono wako ndio unalala. Mwalimu wa Nairobi anakusubiri wewe?"

Kuanzia siku hiyo akawa ananiita mwalimu wa mashimo, hata mbele ya madereva wenzake. Sikumjibu. Lakini neno lile la mkono lilinikaa kifuani kama mfupa, kwa sababu hata mimi sikuwa na hakika. Pengine kweli ni mkono.

Sasa nije kwenye nyama.

Lori la ndugu yangu lilikuwa linajiandaa kwa safari ndefu, na Mama alitaka ampe nyirinyiri za njiani. Anayejua nyirinyiri anajua kazi yake: nyama ya ngamia inakatwa vipande virefu kama kamba, inaanikwa ikauke, ndipo ikatwe vidogo na kukaangwa kwa mafuta mengi, ikae hata mwezi bila kuoza. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imejaa nguo za ploti nzima. Mama akatazama juu, akaona waya wa baba uko mahali pa upepo, mbali na mbwa na watoto. Akaanika nyama yote pale. Hakuna aliyemkataza. Hata mimi nilimsaidia kushika beseni.

Tangu siku ile redio ikawa mgonjwa. Mwalimu wangu alikuwa mbali, sauti yake inazama, inatokea, inazama tena, na juu yake kuna kelele kama mvua inayopiga bati. Nilibadilisha mawe. Nilianika mengine. Niliisogeza redio kutoka mezani hadi kitandani, kutoka kitandani hadi sakafuni. Daftari la wiki ile ukilitazama ni mashimo yaliyozungukwa na maneno machache.

Ndugu yangu alirudi kutaka kusikiliza mpira. Akazungusha kitufe, akapiga boksi makofi mawili ubavuni.

"Imekufa," alisema.

"Haijakufa. Inaumwa."

"Mzee wa miaka hiyo akiumwa, unachimba kaburi. Mama, pale kwa yule mzee mwenye duka kuna redio ya kaseti, mpya, ya kung'aa. Nimeongea naye. Anachukua hii ya mbao, mimi namalizia kwa mshahara wangu. Nikiwa nyumbani tunasikiliza sote. Nikisafiri naenda nayo."

Mama alisema, "Na ukisafiri sisi tunasikiliza nini?"

"Si wiki moja tu, Mama."

Ndugu yangu alikuwa barabarani wiki tatu kati ya nne. Hesabu hiyo haihitaji sekondari.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilikwenda dukani peke yangu kuuliza swali. Mwenye duka alikuwa mzee wa zile familia za Kisomali ambazo babu zao waliletwa hapa wakiwa askari, na sisi vijana tulimwita adeer, yaani baba mdogo. Redio mpya ilikuwa juu ya kaunta, karibu kabisa na baraza, na eriali yake ya chuma imevutwa hadi mwisho. Ilikuwa inaimba safi sana. Kwenye benchi la nje wanaume watatu walikuwa wakitafuna miraa. Nilisimama nyuma ya magunia ya sukari nikasubiri waondoke. Hawakuondoka. Mtu wa miraa haondoki.

"Salaam aleikum, adeer," nilisema mwishowe.

"Aleikum salaam. Nani huyo? Nasikia sauti inatoka kwa gunia."

Wale wa benchi wakacheka. Nilisogea nusu hatua.

"Adeer, hii redio inashika vizuri hapa. Nyumbani kwetu itashika?"

"Binti, soma boksi. Macho yangu yamechoka lakini hata mimi naona wameandika: dunia nzima."

"Dunia nzima nimeona," nilisema. "Mimi nauliza Bulla Pesa."

Mmoja wa wale wanaume alijipiga goti. "Mjibu, mzee. Bulla Pesa iko dunia gani?"

Mzee naye alicheka, na nakiri kwamba hakukasirika. Alisema, "Basi, mwambie ndugu yako aje aichukue akaijaribu siku tatu. Ikishika, hiyo ya mbao iletwe hapa. Ikikataa, hii irudi na boksi lake, bila mkwaruzo. Neno ni hilo."

Nilirudi nyumbani masikio yakiwaka moto. Ndugu yangu alifurahi sana kusikia habari ya siku tatu, akaenda mbio kuileta. Aliiweka mezani chumba cha mbele, chini ya bati, upande wa ukuta wa madebe, kwa sababu ndipo meza ilipo. Akaweka kaseti, na kaseti ikaimba vizuri. Hilo silikatai. Kaseti haihitaji kushika kitu hewani. Watu wa ploti walikuja kuitazama, wakaisifu, wakaigusa vitufe.

Siku hiyo ilikuwa siku ya somo. Saa kumi nikakaa mbele ya redio mpya na kalamu. Mwalimu aliingia, akasema "Leo tutajifunza juu ya," akapotea. Alirudi kwenye neno "damu." Akapotea tena. Nilivuta eriali, nikailaza, nikaisimamisha, nikaishika kwa mkono. Nikiishika inasema, nikiiacha inakatika, na mimi siwezi kuandika huku nimeshika eriali. Somo lilipoisha nilikuwa na mashimo mengi kuliko hata ya redio mgonjwa.

Ndugu yangu aliporudi kutoka kupakia mizigo nilimwonyesha.

"Umeona?" alisema. "Redio mpya na mashimo ni yale yale. Sasa tujue ni nani mwenye makosa."

"Tujue," nilisema.

Alinitazama, kwa sababu nilikuwa nimejibu.

Siku ya pili nyama ilikuwa imekauka. Mama alikuwa sokoni bado, kwa hiyo mimi ndiye niliyepanda juu ya pipa kuishusha. Redio ya baba nilikuwa nimeiwasha ndani, kwa mazoea tu, inakwaruza. Nilipotoa vipande vya mwisho, waya uliruka juu, ukatikisika, na ndani ya nyumba mwanamume akaanza kusoma habari kwa sauti kubwa, kama amesimama jikoni kwetu. Nilishtuka nikakaribia kuanguka.

Nikarudisha nyama. Waya ukashuka kwa uzito. Mwanamume akazama. Nikaitoa. Akarudi. Nikairudisha.

Jirani yetu, mama wa Kiturkana aliyekuwa akifanya vibarua vya kufulia watu, alikuwa amekaa mlangoni pake akinitazama tangu mwanzo.

"Habari ya huko juu," alisema. "Hiyo nyama umeipa, umeinyang'anya, umeipa. Imekukosea nini?"

"Mama, nisaidie. Nyanyua huu waya kwa ufagio."

Aliunyanyua. Redio ikasema. Akaushusha. Redio ikanyamaza. Akaunyanyua tena bila mimi kumwambia, akicheka peke yake. "Kumbe," alisema. "Bwana huyu wa habari anakaa kwenye ufagio wangu."

Ndipo nilipotazama vizuri ukingo wa paa. Pale waya unapovuka bati, baba alikuwa ameweka kipande cha tairi kuukuu, na waya ulilala juu yake. Sote tulidhani ni cha kuzuia waya usisuguliwe na upepo. Lakini uzito wa nyama ulikuwa umeuvuta waya ukateleza pembeni ya tairi, ukalala kwenye bati tupu. Na bati letu lilishikana na mfereji wa chuma, na mfereji ulishuka hadi kwenye pipa la chuma lililokaa juu ya ardhi yenye maji. Sijasoma mambo ya umeme. Nilichokijua ni kile nilichokisikia kwa masikio: waya ukigusa bati, sauti inakwenda kwa bati na kwa pipa na kwa udongo, haiji kwetu. Waya ukikaa juu ya tairi, inakuja.

Redio ya baba haikuwa imekufa. Tulikuwa tumeianikia ngamia.

Mama aliporudi nilimweleza. Akasema, "Kwa hiyo ni mimi." Nikamwambia hapana, ni nyama. Akasema nyama haikupanda yenyewe.

Ndugu yangu hakutaka kusikia. "Habari za tairi na pipa," alisema. "Kesho ni siku ya tatu. Nimempa mzee neno langu. Hata kama hii inaongea, ni ya zamani, haiwezi kushinda mpya. Na mkono wako bado ni ule ule."

Hapo nikasema, na nilisema nikitazama ukuta, kwa sababu nikimtazama mtu usoni maneno yananiishia: "Kesho ni siku ya somo. Wewe unaandika haraka. Kaa chumba cha mbele na redio yako mpya uandike. Mimi nikae chumba cha nyuma na ya baba. Na mkono wangu usihesabiwe. Mama akae kwako na kikombe. Kila sauti ikikatika atie punje moja ya mahindi. Jirani akae kwangu na kikombe kingine. Wote wawili hawajui kuandika, kwa hiyo hawawezi kudanganywa na daftari."

Alicheka. "Haya, mwalimu wa mashimo. Utalia."

Kesho yake saa kumi kasoro tulikuwa tumekaa. Nyama haikuwa kwenye waya na nilikuwa nimeurudisha juu ya tairi na kuufunga kwa uzi. Mawe nilikuwa nimeyaanika tangu asubuhi, na katika redio mpya yalikuwemo mawe mapya kabisa, ndugu yangu mwenyewe aliyatia, kwa hiyo kama kuna aliyependelewa si mimi. Mlango wa katikati tuliufunga na kila mmoja akapunguza sauti.

Mwalimu alisoma juu ya mito ya Kenya. Ewaso Nyiro aliitaja, nikahisi kama ametaja jina la mtu wa nyumbani. Niliandika. Jirani alikuwa ameinamisha kichwa, kikombe kwenye paja, punje mkononi, makini kama mtu anayetega ndege. Mara moja upepo ulipita na sauti ikayumba, akanitazama, mimi nikamwonyesha kwa kidole atie. Akatia. Kupitia mlango nilisikia chumba cha pili kikilia: tik. Kimya. Tik, tik. Kisha ndugu yangu akisema "aa." Kisha tik.

Somo lilipoisha tukafungua mlango. Katika kikombe chetu zilikuwa punje nne. Katika kikombe cha Mama sikuhesabu. Kitako cha kikombe kilikuwa hakionekani.

Ndugu yangu alichukua daftari lake akalifunika kwa mkono, lakini nilikuwa nimeshaliona. Mwandiko wake ni mzuri, wa haraka, wa kuinama mbele kama watu wanaokwenda sokoni. Na ulikuwa na mashimo ubavuni, katikati, mwisho.

"Mama alisinzia," alisema. "Punje zilianguka."

"Nimezaa watoto, nimezika mume, nauza maziwa tangu alfajiri," Mama alisema. "Na mchana sijawahi kusinzia."

"Basi ni huu waya. Ile mmeifungia waya, yangu haina. Si haki."

Hapo alisema kweli, na nilikubali. Tukafungua waya wa baba tukaufunga kwenye eriali ya redio mpya. Ikapata nguvu nyingi mno. Stesheni mbili zikaingia mahali pamoja, mtu anasoma habari kwa lugha nisiyoijua na mwingine anaimba ndani ya maneno yake. Tulizungusha kitufe mbele na nyuma, hawakuachana. Redio ya mbao inaweza kuubeba waya mrefu. Ile ndogo ilikuwa kama mtoto aliyepewa uji kwa ndoo. Tukiipeleka nje uwanjani, bila waya, mbali na mabati, ilisema vizuri sana, pengine vizuri kuliko yetu. Nayaandika haya yote ili mtu asiseme niliificha sifa yake. Dukani barazani ilikuwa redio nzuri. Kwenye lori, barabara ya wazi ya Marsabit, ingekuwa redio nzuri. Ndani ya mkebe wetu ilikuwa si kitu, na sisi tulikuwa tunakaa ndani ya mkebe.

Nilidhani yamekwisha. Lakini ndugu yangu alizunguka meza, akakunja waya wa baba, akainyanyua redio ya mbao kifuani.

"Nimempa mzee neno," alisema. "Mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii. Siwezi kurudi pale wale wa miraa wakanicheka."

Nilikwenda nikasimama mlangoni.

"Ondoka hapo."

"Sitaondoka."

"Nani amekufundisha kujibu? Huyo mwalimu wako?"

"Ndiyo," nilisema. "Huyo. Na mzee alisema ikikataa irudi. Neno lake nililisikia mimi, nilikuwa pale. Imekataa. Unataka kumpa mzee redio ya baba kwa sababu ya aibu yako, na mimi nibaki na nini? Wewe shule yako ni barabara. Mimi yangu ni hiyo umebeba."

Sijui nilikuwa nikitazama wapi. Nadhani nilimtazama yeye. Mama alikuwa ameinuka lakini hakusema neno, na baadaye nilipomuuliza kwa nini, alisema alitaka kusikia kama nitamaliza.

Ndugu yangu alisimama na ule mzigo kifuani. Ni redio nzito. Mwishowe mikono ikamchoka akairudisha mezani, si kwa upole.

"Mimi siirudishi ile mpya," alisema. "Siendi pale. Irudishe wewe, kama una mdomo siku hizi."

Alijua ninavyoogopa watu. Alijua kutoka ploti yetu hadi dukani lazima upite kisimani penye foleni ya wanawake, na mbele ya mashine ya kusaga, na mbele ya lile benchi. Alikuwa na hakika kwamba redio itakaa mezani hadi siku zipite na mzee aje mwenyewe kuchukua ya mbao.

Nikaitia redio mpya ndani ya boksi lake, na karatasi zake, na ule mfuko wake wa nailoni. Nikafuta kioo kwa ncha ya leso. Nikajitwika kichwani, jua likiwa bado juu, nikatoka.

Foleni ya kisimani iligeuka kunitazama. Mmoja akauliza, "Unahama?" Nikasema, "Narudisha." Kwenye mashine ya kusaga waliniuliza tena, nikajibu tena. Mzigo wa kichwani una faida yake: huwezi kuinamisha uso.

Wale wa benchi waliniona kutoka mbali. Niliweka boksi juu ya kaunta.

"Imekataa, adeer," nilisema, na safari hii nilikuwa mbele ya magunia. "Nje inashika. Ndani kwetu haishiki. Tumejaribu mbele ya mashahidi wawili."

Alilifungua boksi, akageuza redio huku na huku akitafuta mkwaruzo, hakuupata. "Mashahidi gani?"

"Mama yangu na jirani. Walihesabu kwa mahindi."

Mzee aliniangalia muda, akiwa anafikiri kama acheke. Hakucheka. Akairudisha juu ya rafu. "Wanaozitengeneza hawaji kukaa chini ya bati lako," alisema. "Wao wanaandika tu kwenye boksi. Haya, ile ya baba yako kaa nayo. Na ndugu yako?"

"Atakuja mwenyewe siku nyingine."

Hakwenda kwa muda mrefu. Safari mbili nzima hakuzungumza nami, alikuwa akimwambia Mama, "Mwambie huyu alete maji." Nilileta maji. Baadaye alijinunulia redio ndogo huko Moyale kwa ajili ya lori, na tukapatana bila kusema kwamba tumepatana. Mwalimu wa mashimo bado ananiita. Mimi nami namwita mzee wa dunia nzima, na siku nyingine anacheka.

Masomo ya mwaka ule niliyafuata hadi mwisho. Sikupata cheti, kwa sababu sikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Nilipata madaftari saba, na katika hayo kurasa zenye mashimo mengi ni zile za wiki ya nyama na za siku ile ya redio mpya. Nimewaunganishia waya watu wanne kwenye ploti, kila mmoja juu ya kipande cha tairi. Bado wapo wanaopita mlangoni wakasema hilo boksi litupwe, siku hizi vimetoka vidogo vya kutia mfukoni. Nawaacha waseme. Kitu hakiwi kibaya kwa sababu kimezaliwa mapema. Kinakuwa kibaya kikishindwa kazi mahali ulipo, na mahali nilipo hakijashindwa.

Sasa ninalo ombi kwenu mnaosoma. Niandikieni. Niambieni redio yenu ni ya namna gani na ina umri gani, nyumba yenu ni ya bati au makuti au mawe, mnaiweka chumba gani, na katika habari za saa moja mnapoteza maneno mangapi. Kaeni na kikombe na punje, mhesabu kweli. Msininakilie yaliyoandikwa kwenye boksi, hayo nimeshayasoma. Na kama yuko aliyesikiliza somo la damu siku ile akalishika lote, tafadhali aniandikie kuanzia maneno "Leo tutajifunza juu ya." Aandike polepole, kwa herufi kubwa. Nitalisoma lote, na nitajibu, ingawa jibu langu litachelewa.